Moshi Ni Ule Ule, Sheria Ni Tofauti

Vijana wenzangu, na nyinyi ndugu mnaofanya kazi na mashirika, leo nataka tuongee kuhusu hewa. Najua kuna mtu tayari ananuna: "Hewa tena? Mgao umekatwa, safari za Marekani zimesimama tangu Januari 2025, na huyu anatuletea mambo ya hewa!" Nimekusikia. Lakini nipe dakika kumi. Ukitaka kujua serikali inaamuaje nani alindwe na nani avumilie, angalia inavyofanya kuhusu moshi. Hapo hakuna kujificha.

Tuanzie mbali, halafu turudi nyumbani. Marekani ni nchi moja, ina rais mmoja na pesa moja. Kwa nini basi California ina sheria kali za moshi wa magari na viwanda, wakati majimbo kama West Virginia yanaenda mahakamani kupinga sheria za aina hiyo? Moshi ni ule ule na mapafu ya watu ni yale yale. Ndugu zetu waliopelekwa huko, huyu Kentucky, yule Texas, mwingine New York, wengi hawakuchagua jimbo. Hawakujua pia kwamba pamoja na jimbo walikuwa wanapewa aina ya hewa.

Kuna watu wanasema ni siasa tu, chama hiki na chama kile. Siasa imo, sikatai. Lakini chini ya siasa kuna maswali matatu ambayo kila serikali inajiuliza hata kama haisemi kwa sauti: moshi huu unamlisha nani, unamuumiza nani, na huyo anayeumia anaweza kutusumbua? Majibu yakibadilika, sheria inabadilika.

Kwanza tuelewe sheria yao imejengwa vipi. Oktoba 1948, katika mji mdogo wa Donora, Pennsylvania, hewa ilitulia kama imefungiwa, na moshi wa viwanda vya chuma na zinki ukakaa juu ya mji kwa siku kadhaa. Watu 20 walikufa na maelfu wakaugua. Wakati huo serikali kuu ilikuwa inasema hewa ni shauri la kila jimbo na kila mji. Ilichukua zaidi ya miaka 20 mpaka Rais Nixon akasaini Sheria ya Hewa Safi tarehe 31 Desemba 1970. Sheria hiyo iligawa kazi. Serikali kuu inaweka kikomo, yaani hewa isizidi uchafu wa kiasi fulani. Halafu kila jimbo linaandika mpango wake wa kufikia kikomo hicho: kiwanda kipi kibanwe, kibali kipi kitolewe, wakaguzi wawe wangapi.

Hapo ndipo mlango wa tofauti unapofunguka. Mtu akikuambia "fika Lodwar kabla ya jioni", njia ni yako. Mwingine atapanda gari asubuhi na mapema, mwingine atasubiri mpaka saa nane halafu alalamike kwamba muda ni mfupi.

Na hata hicho kikomo chenyewe watu hawakubaliani. Februari 2024 serikali kuu ilishusha kikomo cha chembechembe ndogo za moshi, zile zinazoingia mpaka ndani kabisa ya mapafu na kupita kwenye damu. Kikatoka mikrogramu 12 kwa kila mita ya ujazo ya hewa, wastani wa mwaka, kikawa 9. Shirika la Afya Duniani linapendekeza 5. Mwezi uliofuata majimbo 24, yakiongozwa na Kentucky na West Virginia, yakaenda mahakamani kupinga. Majimbo mengine, California ikiwemo, yakaingia kwenye kesi hiyo hiyo kuitetea ile 9. Nchi moja, na majimbo yake yanagombana juu ya namba moja.

Sasa tuchukue California. Watu wanadhani Wakalifornia wana sheria kali kwa sababu wanapenda miti kuliko wengine. Ukweli ni kwamba walibanwa. Mji wa Los Angeles uko kama ndani ya bakuli: bahari upande mmoja, milima upande mwingine, na hewa ya joto inakaa juu kama mfuniko wa sufuria. Moshi ukitoka, hauna pa kwenda. Mwaka 1943 mji ulifunikwa na ukungu mchafu uliochoma macho. Miaka michache baadaye mkemia mzaliwa wa Uholanzi, Arie Haagen-Smit, akaonyesha kwamba ukungu ule unapikwa na jua kutokana na moshi wa magari na mvuke wa mafuta. Kampuni za magari hazikufurahi kusikia hivyo. Lakini wananchi walikuwa na macho mekundu, na walikuwa wapiga kura.

Kwa hiyo California ikatangulia. Mwaka 1966 iliweka viwango vya kwanza vya moshi wa magari nchini humo, na 1967 ikaunda bodi yake ya hewa. Gavana aliyesaini aliitwa Ronald Reagan, mtu wa chama cha Republican. Ndiyo maana nasema chama peke yake hakitoshi kueleza. Mwaka huo huo Kongresi ikaipa California ruhusa maalumu ya kuweka viwango vikali kuliko vya nchi nzima, na mwaka 1977 sheria ikarekebishwa ili majimbo mengine yaweze kuchukua viwango vya California kama yakitaka. Zaidi ya majimbo 10 yamefanya hivyo. Na kwa sababu California ni soko kubwa mno la magari, kampuni ziliona ni heri kutengeneza gari safi kuliko kulikosa soko hilo.

Geuza upande wa pili. West Virginia na Wyoming wamekula makaa ya mawe kwa vizazi. Mshahara wa baba, kodi ya shule, barabara, hata kampeni ya mbunge, vyote vina vumbi la makaa ndani yake. Ukimwambia gavana wa huko "funga mtambo", yeye anasikia "funga jiko la watu wako". Na si mjinga. Anajua kwamba anayepoteza kazi leo ana jina, ana familia, na atakuja kusimama mlangoni kwake kesho. Yule atakayeugua mapafu baada ya miaka 15 bado hajijui. Majimbo kadhaa yamefika mpaka kutunga sheria zinazozuia idara zao za mazingira kuweka kanuni kali kuliko za serikali kuu. Yaani kikomo cha chini kimegeuzwa kuwa dari.

Wala usinielewe vibaya, sio kwamba majimbo haya yamejaa watu wabaya. Texas ndiyo inayoongoza kwa mafuta Marekani, na pembeni mwa Houston kuna viwanda vya kemikali vilivyopangana kama vibanda vya soko. Lakini Texas hiyo hiyo ndiyo inayoongoza nchi nzima kwa umeme wa upepo. Upepo ulipoleta pesa kwa wenye mashamba, upepo ukakubalika. Tumbo linaongea kwanza.

Kuna sababu nyingine ambayo mimi naiona mbaya kuliko zote: moshi unaweza kutumwa kwa jirani. Baada ya 1970, baadhi ya mitambo ya umeme ilipata ujanja. Badala ya kupunguza moshi, ikajenga dohani ndefu sana. Hewa ya karibu ikaonekana safi, vipimo vya jimbo vikapita, na salfa ikabebwa na upepo mpaka majimbo ya kaskazini mashariki, ikashuka kama mvua ya asidi kwenye maziwa na misitu ya watu wengine. Mwisho wa mwaka 2010 wakaguzi wa serikali kuu walihesabu dohani 284 zenye urefu wa zaidi ya futi 500, yaani kama mita 150, kwenye mitambo ya makaa. Theluthi moja hivi zilikuwa katika majimbo matano ya bonde la mto Ohio. Jimbo linalotuma moshi linabaki na umeme na ajira, na linalopokea linabaki na kikohozi. Kwa nini basi wa kwanza aweke sheria kali? Hapo bila mtu wa juu kuwaamua, hakuna atakayesogea. Na hata huyo wa juu anaweza kufungwa mikono: Juni 2024 Mahakama Kuu ya Marekani ilisimamisha mpango wa serikali kuu wa kuyabana majimbo yanayopelekea wenzao moshi, kesi ikiendelea.

Sasa nifike kwenye mfano unaonipa moyo, na uko Kentucky, jimbo lililopokea Wakongo wengi sana. Nimeshasema Kentucky iliongoza kupinga ile 9. Ni jimbo la makaa, na ni moja ya yale yenye sheria ya "tusizidi serikali kuu". Lakini ndani yake kuna mji wa Louisville, na magharibi ya mji huo kuna eneo linaitwa Rubbertown, lenye viwanda vya kemikali tangu Vita vya Pili vya Dunia. Waliokaa karibu navyo wengi ni watu weusi wenye kipato kidogo. Walilalamika harufu kwa miaka, wakajibiwa kama tunavyojibiwa sisi: "tutaangalia".

Kilichobadilisha mambo ni vipimo. Mitambo ya kupima hewa iliwekwa mtaani, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 matokeo yakaonyesha kemikali za kuleta saratani kupita kiasi kinachokubalika. Wakazi wakazishika zile namba wakaenda nazo kwenye vikao, tena na tena. Mwaka 2005 mamlaka ya hewa ya mji ikapitisha mpango wake wa kubana kemikali za sumu, mkali kuliko wa jimbo lenyewe. Kwa hiyo ndani ya jimbo lenye sheria legevu kuna mji wenye sheria kali. Jiografia haikubadilika, viwanda havikuhama, gavana hakuokoka. Ila wale wanaoumia walipata namba, wakapata kikao, na ikawa vigumu kuwapuuza.

Halafu kuna somo chungu: kilichopatikana kinaweza kuchukuliwa. Juni 2025 Rais Trump alisaini maazimio ya Kongresi ya kufuta ruhusa za California za karibuni kuhusu magari na malori, na California ikashtaki. Miaka karibu 60 ya kuwa mbele, na bado wanapigania mlango ule ule. Kwa hiyo usiseme "wenzetu wameshamaliza". Hakuna aliyemaliza.

Sasa turudi Kakuma.

Unajua kwamba Kenya imejengwa karibu hivyo hivyo? Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, inataja udhibiti wa uchafuzi wa hewa kuwa kazi ya kaunti. Serikali ya kitaifa inaweka viwango, na kanuni za ubora wa hewa zilitolewa 2014, lakini kaunti 47 ndizo zinazotakiwa kufanya kazi mtaani. Kwa hiyo yale maswali matatu yako hapa pia. Nairobi ina magari, viwanda, dampo la Dandora, na watu wengi wenye sauti, kwa hiyo imeandika mpango wa hewa. Kitui, mwaka 2018, Gavana Charity Ngilu alipiga marufuku mkaa kutoka kwenye kaunti yake ili kulinda miti, lori la mkaa likachomwa moto, na ukazuka mvutano na wafanyabiashara wa kaunti nyingine. Kaunti moja inaona msitu unaisha, nyingine inaona biashara inakufa. Ni West Virginia na California, ila kwa magunia.

Na Turkana? Hapa hakuna viwanda vya kutisha. Moshi wetu uko jikoni. Kuni na mkaa wa mathenge, mafiga matatu, nyumba ya mabati isiyo na dirisha la maana, mama na mtoto mgongoni. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 duniani mwaka 2020. Hao hawakufa kwa siku moja kama wa Donora, kwa hiyo hakuna aliyepiga kengele. Kliniki inaandika "kifua", inatoa dawa, mtoto anarudi kwenye moshi ule ule jioni.

Jaribu kujibu maswali matatu kwa moshi huu. Unamlisha nani? Unamlisha ndugu Mturkana anayeuza kuni na mkaa kwa sababu mifugo yake imekufa na ukame. Kumpiga marufuku bila kumpa kitu kingine ni kumnyang'anya chakula, na ni kutuletea ugomvi sisi na wenyeji. Unamuumiza nani? Mama zetu, dada zetu na watoto wadogo, wa upande wetu na wa kwake. Na anayeumia anaweza kumsumbua nani? Hapo ndipo penye shimo. Mkimbizi hapigi kura. Kaunti inasema kambi ni ya mashirika. Shirika linasema kuni ni bajeti ya mwaka na bajeti imepungua. Wizara iko Nairobi. Kila mmoja ana dohani yake ndefu ya kumtumia mwenzake moshi.

Lakini saa hii kuna kitu kinabadilika. Machi 2025 Kenya ilizindua Mpango wa Shirika, wa kugeuza kambi kuwa makazi ya pamoja ya wakimbizi na wenyeji, na Kakuma imepewa hadhi ya manispaa. Mji ukiwa manispaa, unahitaji kanuni za soko, za taka, za kuchoma plastiki, za majenereta, za nyumba kuwa na madirisha. Zitaandikwa na mtu, mezani. Tukikaa kimya zitaandikwa kama sisi hatupumui.

Kwa hiyo mimi naomba mambo matatu, na hakuna hata moja linalohitaji pasipoti.

La kwanza ni namba. Louisville walisikilizwa walipokuwa na vipimo. Chuo Kikuu cha Makerere, hapo jirani Uganda, kina mradi wa AirQo unaotengeneza vifaa vya bei nafuu vya kupima hewa kwa ajili ya miji ya Afrika. Ndugu wa mashirika, mnapima maji ya bomba kila mara, na tunashukuru. Pimeni na hewa ya jikoni, ya darasani, ya kliniki. Wafundisheni vijana wa hapa kusoma hivyo vifaa, na matokeo yabandikwe ukutani kwa Kiswahili ili kila mtu aone. Yasiishie kwenye ripoti ya Geneva.

La pili ni jiko liingie kwenye hesabu ya afya. Nyumba nyingi huuza sehemu ya mgao ili kupata kuni za kupikia ile iliyobaki. Ukihesabu chakula kilichouzwa, dawa za kifua na muda wa msichana anayekosa shule akitafuta cha kuwasha, kuni si rahisi kama inavyosemwa. Jiko bora au gesi ni ghali siku ya kwanza, sawa. Lakini fanyeni hesabu ya mwaka mzima kabla ya kusema haiwezekani. Na muuza mkaa wa Kiturkana awe ndani ya mpango huo tangu mwanzo, awe fundi wa majiko au wakala wa gesi. Wyoming inatufundisha kwamba mtu usiyemfikiria tumbo lake atakupinga mpaka mwisho, na ana haki.

La tatu ni kiti. Kaunti ikiitisha kikao cha wananchi, twendeni. Ushirikishwaji wa umma umeandikwa kwenye Katiba. Kama tutaambiwa mkimbizi hana neno, twende pamoja na majirani wenyeji, maana moshi wa jiko lao ni kama wetu. Sauti mbili zinazosema kitu kimoja ni ngumu kuzima kuliko moja.

Najua jibu litakalokuja: "Watu wana njaa, hewa itasubiri." Wafanyakazi wa makaa wa West Virginia waliambiwa hivyo pia, kazi kwanza, mapafu baadaye, na wengi wao wanamalizia maisha na vumbi kifuani. Njaa na moshi vinakaa kwenye sufuria moja. Anayepika kwa moshi ndiye huyo huyo anayekosa unga, na hakuna sababu ya kumwambia achague.

Na nyinyi mlioko Louisville, Houston, Columbus na kwingineko, kabla ya kusaini nyumba ulizeni kuna nini upande wa pili wa barabara. Nyumba rahisi mara nyingi iko karibu na dohani. Huko mna vipimo vya bure kwenye simu, na siku mkiwa raia mtakuwa na kura. Mtumie. Sisi huku tutaanza na kalamu: wiki hii kila kikundi cha vijana kiulize nyumba 10 za bloku yake zinapika na nini, zinalipa shilingi ngapi kwa wiki, na nani ndani anakohoa. Tukikusanya hayo, tutakuwa na namba zetu za kwanza za kupeleka kwenye kikao.